Mkwe Aliyekataa Kufa

Mara ya kwanza Mzee Jamnadas alipokata kauli, Nayna, mke wa marehemu mwanawe, alilia kwa uchungu wa kweli. Mara ya pili alilia kiasi, kwa kutimiza adabu. Mara ya tatu alijikuta amesimama jikoni mbele ya sufuria ya chai iliyokwisha kukauka, akiwaza kama viza yake ya Uingereza itakuwa haijaisha muda shughuli za msiba zitakapomalizika.

Wazo hilo lilimshtua. Akazima jiko haraka, akajifunika mdomo kwa ncha ya sari kana kwamba amelisema kwa sauti na watu wamemsikia.

Chumbani mambo yalikuwa yamefika ukingoni. Daktari alishaondoka, akiwa ameacha maneno yale ya madaktari ya kwamba sasa tumwachie Mungu. Nirav, mjukuu wa mzee na mtoto mkubwa wa Nayna, alikuwa ametua asubuhi ile kutoka Leicester, koti la baridi bado liko mkononi. Kuhani wa hekalu alikuwa ameinama kitandani, anamdondoshea mzee maji ya mto Ganga mdomoni na kumwekea jani la mrehani juu ya ulimi, kama desturi yao ya Kihindu inavyotaka mtu asafirishwe. Watu wakasogea karibu. Nje, jenereta za Mtaa wa Mkunguni zilikuwa zikinguruma, maana umeme ulikuwa wa mgawo.

Mzee Jamnadas akalitafuna lile jani.

Akalimeza. Akafungua jicho moja, likazunguka chumba kizima mpaka likamkuta mjukuu wake.

"Nirav," akasema, "umenenepa. Huko mnakula nini?"

Baada ya hapo akaomba uji wa dengu.

Nirav alikaa wiki nzima, akiangalia saa. Siku ya kuondoka alimwambia mama yake kwenye ngazi, "Mama, hii mara ya tatu. Nikirudi kazini kuomba ruhusa kwamba babu anakufa, hawataniamini tena. Mara ijayo subirini muwe na hakika."

"Hakika nitaitoa wapi?" Nayna akamjibu. "Nimshike pua?"

Wote wawili wakacheka, halafu wakaona haya.

Nayna alikuwa mjane wa miaka hamsini na ushei, mwembamba, mwepesi wa miguu, mtu asiyeweza kukaa kitini bila kutafuta sababu ya kuinuka. Alizaliwa Tanga, akaletwa Kariakoo akiwa bibi harusi. Mumewe, Pranav, alianguka dukani akimpimia mteja kitambaa cha suti, akafa kabla mkasi haujafika upande wa pili. Watoto wao wawili, Nirav na Rupal, wakaenda kusoma Uingereza na hawakurudi. Duka likafungwa. Juu, kwenye vyumba vya ghorofani, wakabaki watu wawili: Nayna na Bapuji, kama alivyozoea kumwita mkwewe tangu siku ya kwanza.

Umri wa Bapuji haukujulikana sawasawa. Pasipoti ilikuwa na mwaka wake, mwenyewe alikuwa na mwaka wake, na siku akiamka vizuri alisimulia habari za askari wa Mjerumani kama mtu aliyewapisha njiani. Nyumba ile aliijenga yeye. Serikali ilipozichukua nyumba za kupangisha mwaka wa sabini na moja, akabaki humo humo akiwa mpangaji, akilipa kodi kwa chumba alichokipiga plasta kwa mkono wake. Ndugu zake wengi walipanda meli na ndege. Yeye akasema, "Ngoja kwanza nione watafanya nini."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake. Ngoja kwanza nione. Wakati wa foleni za sukari alisema angoje aone kama sukari itarudi. Sukari ikarudi, zikaja zama za ruksa, maduka yakajaa hadi barabarani, akasema angoje aone hao Wachaga na Wahindi vijana watashindana vipi. Yakaja maneno ya vyama vingi, akataka kuona uchaguzi. Kukasikika kuwa watu binafsi wataruhusiwa kuanzisha televisheni, akataka kuiona televisheni. Kila alichokingoja kilipofika, kilikuta ameshaweka miadi na kingine. Wachukuzi wa mtaani, waliokuwa wakimwona dirishani kila asubuhi amekaa kama pazia, walimpa jina: Mzee Bado. "Oyaa, Mzee Bado!" wakimpungia. Naye akiinua kidole kimoja, kwa heshima zote, kama mfalme.

Lakini jina hilo lilikuwa na upande wa pili, nao ulisemwa kwa sauti ya chini. Miaka ile watu walikuwa wakizikwa wabichi. Wauza nguo, makondakta, mafundi, vijana waliokuwa ndio kwanza wamepata fremu ya biashara, mtu unamwona amevaa jinzi mpya, baada ya muda unamwona amekonda, halafu unaona turubai limefungwa mtaani kwao. Na katikati ya turubai zote hizo, juu ghorofani, mzee yule yule anakunywa maziwa. Kuna waliosema anakula miaka ya wenzake.

Nayna aliyasikia. Hakuyaamini. Ila kuna siku aliyageuza kichwani, kama mtu anavyogeuza sarafu ya nchi ambayo hajui inatumika wapi.

Rafiki yake alikuwa chini, kwenye fremu iliyokuwa zamani duka la mumewe. Severa alikuwa Mchaga wa Kibosho, mwanamke mnene, mwenye kicheko cha kusikika hadi Msimbazi, aliyeuza kwa jumla chupa za chai, mabeseni na vyombo vya plastiki kutoka Dubai. Alianza na beseni moja la maandazi. Sasa mizigo yake iliteremka bandarini, na wenye maduka ya Buguruni walimfuata yeye. Nayna akizidiwa na ghorofa alishuka kwake, akakaa juu ya boksi, akainuka, akapanga mabeseni yaliyokwisha kupangwa.

"Mama Rupal, kaa basi," Severa akamwambia siku moja. "Unanizungushia kichwa."

"Mama Ansbert, hebu niambie. Wewe ungetaka kuishi kama yule wa juu?"

"Kama yeye?" Severa akaangalia dari. "Mimi? Ningetaka hata kumpita! Nani asiyetaka? Biashara ndiyo kwanza inachangamka."

"Na kanisani kwenu si mmeahidiwa uzima wa milele?"

"Tumeahidiwa. Kila Jumapili tunasema amina." Severa akavuta kiti karibu. "Lakini sijaona hata mmoja anayekimbilia kuwa wa kwanza kwenye foleni. Hata padri wetu akiumwa malaria anakimbilia sindano." Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Nimezika wadogo zangu wawili mwaka jana na mwaka juzi, unajua. Vijana. Ndiyo maana nasema. Ukiona chakula kinamwagwa hivyo, wewe uliyebakiwa na sahani utakula hata ukoko."

Nayna akapanga beseni juu ya beseni. Hakumwambia kwamba swali lake lilikuwa na swali jingine ndani.

Swali hilo la ndani lilikuwa na sauti ya Rupal. Binti yake alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza, na alipiga simu kila Jumapili. Mwanzoni alizungumzia majina. Baadaye akazungumzia miguu kuvimba. Mwezi wa kumi akapiga akilia: daktari amemlaza, amemkataza hata kupanda ngazi. "Wenzangu wote humu wodini wana mama zao," akasema. "Wa kwangu yuko wapi?"

"Niko na babu yako," Nayna akasema.

"Babu ameishi vya kutosha, Mama."

Simu ikakatika yenyewe, kama zilivyokuwa simu za wakati huo, na maneno hayo yakabaki sebuleni kama mgeni asiyeaga.

Kesho yake asubuhi Nayna alimpelekea mkwewe chai na chapati. Vidonge vya moyo, ambavyo mzee alivimeza kila siku kabla ya chai, vilibaki kabatini. Hakuvisahau. Alilifungua kabati, akaitazama chupa, akalifunga. Akachukua pochi, akashuka ngazi bila kumuaga mtu.

Alitembea. Alipita nyuma ya soko, kwenye harufu ya dagaa na nanasi, akakatiza katikati ya mikokoteni, akatukanwa na msukuma mkokoteni akaomba radhi yeye, akaifuata Barabara ya Uhuru mpaka akajikuta Mchikichini kwenye mitumba. Hakujua amefuata nini. Kwenye meza moja kulikuwa na koti zito la sufu, rangi ya majivu, la kike. Mkono wake ukalichukua. Akalivaa juu ya sari.

"Mama, hilo la Ulaya kabisa, limekukaa!" muuzaji akasema. "Unasafiri eeh? Baridi haikupati hata ikuite jina."

Watu wawili watatu wakageuka kumtazama mwanamke wa Kihindi aliyesimama juani ndani ya koti la sufu, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Na hapo ndipo Nayna alipojiona. Alijiona wazi kabisa: anajaribu koti la safari, na kule juu mzee amekaa bila dawa.

Alilivua kama linaungua. Akalitupa mezani. Alirudi mbio, kandambili moja ikakatika mshipi Mtaa wa Swahili akaiacha hapo hapo, akaingia Mkunguni mguu mmoja peku. Severa alimwona akipita mlangoni. "Kuna nini?" akauliza. Nayna hakusimama.

Mzee Jamnadas alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, uso kuelekea mlangoni. Chai ilikuwa imepoa, hajaigusa. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau.

"Leo umechelewa," akasema.

"Nilisahau, Bapuji." Akaanza kuifungua chupa ya vidonge.

"Wewe hujawahi kusahau kitu, Nayna. Hata chumvi hujawahi."

Akampa vidonge, akampa maji. Mzee akameza, akafumba macho, akangoja vimfikie. Nayna alikaa sakafuni, mguu wenye vumbi umejikunja chini yake. Alingoja alaaniwe. Alitamani hata alaaniwe. Mzee akajifuta mdomo.

"Bapuji," mwishowe akasema yeye, na sauti ilimtoka kali kuliko alivyokusudia, "unataka kuishi mpaka lini?"

"Unaniuliza mimi? Kuhani wetu anasema nikifa nitazaliwa tena. Labda kwa watu wema, labda kwa matajiri. Namsikiliza, namwambia sawa." Akafumbua macho. "Lakini sitaki kuzaliwa tena. Nianze kujifunza kutembea? Nipigwe na walimu? Nioe mwanamke nisiyemjua? Huu mwili ni mbovu, magoti yamekwisha, masikio nusu. Ila nimeuzoea. Huu ndio unaomkumbuka Pranav akiwa mdogo. Mwingine hautamkumbuka."

Nayna akainamisha kichwa.

"Na naogopa," mzee akaongeza, kama mtu anayetaja kitu kidogo. "Watu wanafikiri ukizeeka hofu inazeeka. Haizeeki."

Hakulizungumza tena jambo la vidonge, siku ile wala baadaye. Lakini kuanzia hapo Nayna alikuwa akivitoa yeye mwenyewe kabla jua halijapanda, akamwonyesha kiganjani, na mzee akaitika kwa kichwa. Mapatano yakawa hayo.

Severa alipopata habari, kwa sababu Nayna hakuweza kuibeba peke yake, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Halafu akasema jambo moja tu. "Utaondoka. Huwezi kukaa hapa hivi, utaharibikiwa. Mimi nitamtunza."

"Wewe na biashara zako?"

"Niko hapa chini kutwa. Nitapanda kumpa vidonge, msichana wangu atampikia. Dengu nani hajui kupika? Niende kwanza nyumbani kula Krismasi, wazee wananingoja. Nikirudi Januari, wewe ondoka ukamshike mwanao."

Tiketi ikakatwa. Mzee alipoambiwa alimkagua Severa kwa jicho lake la biashara. "Shikamoo, mzee," Severa akasema. "Marahaba," akajibu kwa Kiswahili chake cha dukani. "Unajua kutia tangawizi kwenye chai?" "Najua." "Basi sawa."

Kama kawaida ya Desemba, Kariakoo ya Wachaga ilifunga milango ikahamia mlimani. Severa aliondoka na gari la shemeji yake, limesheheni mabeseni ya zawadi hadi juu ya paa, akampungia Nayna kwa mkono wenye kipande cha embe. Nayna akabaki akipanga sanduku, akilipangua, akilipanga.

Gari lile lilipinduka karibu na Same. Shemeji alivunjika mkono. Watoto wa shemeji walichubuka. Severa alikufa pale pale.

Habari ililetwa na mwanawe, Ansbert, kijana wa miaka ishirini na kitu aliyekuwa amebaki kulinda duka. Alipanda ngazi hadi juu, akasimama mlangoni, akasema, "Mama Rupal, shikamoo," kama amekuja kuazima kitu, halafu akashindwa kuendelea.

Msiba uliwekwa nyumbani kwa marehemu, Ilala, kwa waliobaki mjini. Mwili ukapelekwa Kibosho moja kwa moja. Nayna alipokuwa anavaa sari nyeupe alisikia kishindo chumbani. Mzee Jamnadas, ambaye hakuwa ameshuka ngazi zile kwa miaka, alikuwa amesimama ameshikilia kabati.

"Mimi pia naenda."

"Bapuji, huwezi."

"Alikubali kunitilia tangawizi. Naenda."

Wachukuzi wa mtaani walimbeba juu ya kiti, wakamteremsha, wakamwingiza kwenye teksi. Hakuna aliyesema Mzee Bado siku hiyo. Ilala wakampokea, wakamweka chini ya turubai kati ya wazee, mdogo mdogo kama mtoto aliyevalishwa nguo za babu yake. Wanawake walikuwa wakisali rozari, wakimwombea Severa raha ya milele. Nayna alikaa mkekani, akasikia minong'ono ikitambaa kama sisimizi. Mara dada wa marehemu, Blandina, mwanamke aliyekuwa amelia mpaka sauti imekauka, akainuka, akaja hadi mbele ya kiti cha mzee.

"Mbona huyu?" akauliza, si kwa matusi, bali kama mtu aliyepotea anauliza njia. "Mbona huyu yupo? Dada yangu alikuwa na miaka arobaini na sita. Mungu gani anachagua hivi?"

Watu wakamshika. Mzee akainua kidole wamwache.

"Kweli, mama," akasema. "Amechagua vibaya."

Blandina akarudi mkekani akalia.

Walirudi Mkunguni jioni jua likiwa bado lipo. Nayna alimketisha mzee dirishani, akaingia jikoni kunawa uso. Akasikia anaitwa.

"Nayna. Kuna chapati?"

Alimpikia. Akamletea na mchuzi wa viazi, akasimama akimtazama. Mzee akala. Hakuonja tu, alimega, akachovya, akafuta sahani, akaomba nyingine. Na kitu ndani ya Nayna, kilichokuwa kimekazwa miaka mingi kama kamba ya mzigo, kikakatika.

"Unakulaje?" akapiga kelele. "Severa yuko wapi na wewe unakula? Unakulaje, Bapuji? Umekula miaka ya mwanao, umekula yangu, umekula ya yule mwanamke, hushibi?"

Alipomaliza alikuwa amejishika kifua kwa mikono miwili. Katika miaka yote ile hakuwahi kumpandishia sauti.

Mzee akaweka tonge chini. Machozi yalikuwa yakimshuka, lakini hata huku yanashuka taya zake zilikuwa zinamalizia kutafuna.

"Nina njaa," akasema. "Nifanyeje? Siku aliyokufa mke wangu, jioni nilisikia njaa. Siku aliyokufa Pranav, nilisikia njaa, nikajifungia chooni nikala ndizi nisionekane. Nimewangojea wote waniambie ni dhambi. Mnaniuliza siri ya kuishi sana, siri yangu ni hiyo. Sina nyingine. Mtu mzuri angeshakufa zamani kwa majonzi."

Nayna akakaa. Halafu, kwa kuwa tangu asubuhi hakuwa ameweka kitu kinywani, na harufu ya mchuzi ilikuwa pale pale mbele yake, mkono wake ukaenda kwenye sahani ya mkwewe ukamega. Wakala wawili, bila kutazamana.

Januari hakuondoka. Viza ikaisha. Rupal alijifungua salama mtoto wa kike, akampa jina Zarna, akamnunia mama yake kwenye simu, kisha mnuno ukamwishia. Mwaka ulipofika katikati akamleta mtoto mwenyewe.

Watu walitegemea mzee afurahi. Hakufurahi. Alimkodolea mtoto macho siku nzima, naye mtoto, aliyekuwa na afya na ghadhabu, akamkodolea yeye. Maziwa yalipochelewa walipiga kelele wote wawili. Siku moja Nayna akamkuta mzee ameinamia kitanda cha mtoto, anahesabu kwa vidole kwa Kigujarati.

"Huyu atauona mwaka elfu mbili," akasema bila kugeuka. "Atauona na elfu mbili na hamsini. Hata hajui kuwa ni zawadi, anautapikia tu." Sauti yake ilikuwa na wivu mtupu, wivu usiojificha, wa mtu aliyefungiwa nje ya sherehe. Nayna aliogopa kidogo. Kisha akaona kidole cha mzee kimekamatwa na mkono wa mtoto, na mzee hakukitoa.

Baada ya hapo akawa mpole zaidi, au amechoka zaidi. Si rahisi kutofautisha. Televisheni alishaiona. Alisema picha ni ndogo.

Alikufa Jumamosi moja alasiri. Rupal alikuwa amekodi kanda ya video ya filamu ya Kihindi, ndefu, yenye pacha waliopotezana, na familia nzima ilikuwa imekaa mbele ya deki. Zimebaki dakika chache pacha hao watambuane, umeme ukakatika. Mtaa mzima ukaguna. Mzee Jamnadas akaapiza shirika la umeme, mvua, bwawa na serikali kwa mpangilio huo, akaegemeza kichwa.

"Ukirudi niamsheni," akasema. "Nataka kuona mama yao atawatambuaje."

Umeme ukarudi. Rupal akabonyeza kitufe, nyimbo zikaanza. "Bapuji," Nayna akaita. Akamgusa bega. Akamgusa shavu. Akauacha mkono wake hapo shavuni, wala hakuizima televisheni. Aliitazama filamu hadi mwisho, neno kwa neno, mpaka maandishi yakapita, na Rupal aliyekuwa ameshaelewa akamwacha.

Nirav alipopigiwa simu aliuliza, "Una hakika?" Ndege aliyoipata ingemchelewesha siku moja, na joto la Dar halingoji mtu. Kuhani alitazama huku na huku akitafuta mwanamume wa ukoo wa kuwasha kuni za kuchomea mwili. Nayna akaupokea mwenge mkononi mwake kabla hajamaliza kutafuta. Kuna waliokunja uso. Moto haukukataa.

Alidhani atasikia wepesi. Miaka yote ile aliwaza kwamba siku hiyo ikifika atavuta pumzi hadi kwenye nyayo. Badala yake asubuhi aliamka kabla ya jua kama kawaida, akatoa vidonge, vikabaki kiganjani.

Akapata viza mpya, akaenda Leicester na Rupal. Alivumilia miezi minne. Nyumba zilikuwa safi, mjukuu alikuwa mtamu, na hakukuwa na mtu barabarani. Alipanga kabati la vikombe, akalipangua, akalipanga, hadi mume wa Rupal akamuuliza kwa upole kama kuna kikombe kimepotea. Mwezi wa tano akarudi Dar. Ansbert alikuwa amebanwa, duka la mama yake linamshinda. Anajua kuuza, hajui kununua. Nayna alikuwa mnunuzi maisha yake yote. Wakaungana. Yeye akashika mizigo, kijana akashika wateja.

Kuna daktari mmoja aliyempima akamwambia shinikizo la damu liko juu, apunguze mbio, apumzike, maisha ni marefu. "Marefu kiasi gani?" Nayna akauliza, na daktari akadhani ni utani.

Rupal bado anampigia Jumapili. Anamuuliza anakuja lini moja kwa moja, anamwambia Zarna ameanza shule, anamuulizia bibi. Nayna anamwambia mwakani. Anamwambia akiwa amesimama, waya wa simu ya dukani umevutwa hadi mlangoni, huku anawaonyesha wachukuzi kwa mkono mahali pa kushushia maboksi. Na sauti ya binti yake ikizidi kulalamika, anaiweka simu begani, anashika boksi la mbele kwa mikono yake miwili, anavuta.